Ranger ya matairi 285: kilometa 490 zilizopotea na kompyuta ambayo haikuambiwa

Alikuja asubuhi na mapema, ile baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita ambayo hata spana ukiishika inauma. Ranger dabo kebini ya dizeli, gia otomatiki, imenyanyuliwa kidogo, imevaa matairi mapya makubwa 285/70R17. Gari imependeza kweli. Mwenyewe ni mzee mmoja wa Tukuyu, anaikodisha kwa watu wa parachichi, anabeba mabwana shamba na vifaa kuanzia Rungwe mpaka Njombe huko na analipwa kwa kilometa. Hiyo ya kulipwa kwa kilometa ishike, tutairudia maana ndiyo iliyouma kuliko zote.

Malalamiko aliyatoa yote kwa mkupuo hata kabla sijafungua boneti. "Fundi, hii gari tangu niivalishe viatu vipya imekuwa mgonjwa." Kapigwa tochi mara mbili ndani ya mwezi mmoja, Igurusi na Chimala, kila moja elfu thelathini, na anaapa mshale ulikuwa kwenye hamsini na mbili, spidi ambayo amepita nayo pale miaka yote bila mtu kumsimamisha. Mafuta nayo yamepanda, zamani lita moja inampa kilometa 10, sasa hivi 8.8. Kupanda mlima wa Chunya gia inahangaika, inapanda inashuka inapanda inashuka kama imesahau njia. Alafu kuna siku moja akitokea Kikondo taa ya ABS (breki zinazozuia tairi kukwama) na ile ya traksheni (ya kuzuia tairi kuteleza) ziliwaka zote mbili, zikakaa siku nzima, kesho yake zikazima zenyewe.

Mpaka ananifikia mimi alikuwa ameshatoa hela sehemu mbili. Gereji moja walimfungua nozeli zote wakazipeleka kupima, zikarudi nzima. Nyingine wakasoma kompyuta wakakuta kodi, yaani namba ya kosa, ya sensa inayosoma mzunguko wa tairi la nyuma kushoto, wakamuuzia sensa mpya. Sensa ile ya zamani alikuja nayo kwenye mfuko wa rambo, nikaipima, ni nzima kabisa. Hapo roho iliniuma kwa niaba yake, maana hakuna aliyemuuliza swali la kwanza ambalo mimi naona lilikuwa wazi: mzee, tangu lini? Angejibu tangu matairi, na hiyo ingetosha kuanzia.

Kitu kilichonivutia kwenye hii kesi ni kwamba kulikuwa na watu wawili waliokwisha kumpa majibu kuhusu matairi na majibu yao yanapingana. Muuza matairi alimwambia tairi limeongezeka asilimia 7, kwahiyo ukiona 80 jua ni karibu 86, zidisha tu kichwani. Fundi mwingine aliwasha GPS ya simu wakaenda nayo barabarani, mshale kwenye 80, simu ikasema 82, akamwambia tofauti ni ndogo mno, hakuna tatizo, endelea na maisha. Mzee akabaki katikati. Na ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wameona kitu cha kweli, ila kila mmoja ameona nusu.

Tuanze na hesabu ya muuza matairi kwa sababu ni rahisi. Tairi la kiwandani la gari hii ni 265/65R17. Upana milimita 265, ukuta ni asilimia 65 ya huo upana yaani 172.25, unauhesabu mara mbili juu na chini unapata 344.5, unajumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 431.8, kipenyo chote 776.3. Hilo jipya: 285 mara asilimia 70 ni 199.5, mara mbili 399, jumlisha 431.8 unapata 830.8. Gawanya, ni 1.07. Kwahiyo asilimia 7 ni kweli, kwenye karatasi.

Sasa kompyuta ya gari haijui kilometa ni kitu gani, hili watu wengi hawalifikirii. Kule kwenye kila tairi kuna pete yenye meno na sensa inayohesabu meno yanavyopita, basi. Kompyuta inajua tu tairi limezunguka mara ngapi. Ili igeuze mizunguko kuwa mita inahitaji namba moja iliyoandikwa ndani yake, mzingo wa tairi, yaani tairi likizunguka mara moja gari inasogea kiasi gani. Ukibadilisha tairi na ile namba ukaiacha, kila mzunguko gari inasogea zaidi ya inavyoandikwa. Gari haijaharibika popote, inahesabu vizuri kabisa kwa kipimo cha tairi ambalo halipo tena.

Kwanini sasa GPS ya yule fundi ilionyesha 82 na siyo 86? Kuna sababu mbili na hapa ndipo panapochanganya watu.

Ya kwanza, spidomita ya kiwandani inasoma juu kwa makusudi. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 39, ambayo watengenezaji wengi wanaifuata, inasema spidomita isisome chini ya spidi halisi hata kidogo, ila kusoma juu imeruhusiwa kwa kiasi. Kwahiyo mtengenezaji anaweka akiba. Kwenye gari hii, kwa nilivyokuja kupima, akiba ilikuwa kama asilimia 4. Maana yake na matairi ya zamani mshale ukiwa 52 gari ilikuwa inatembea 50 kamili! Ndiyo maana mzee alipita Igurusi miaka yote na hamsini na mbili yake kwa amani. Hakujua, ila alikuwa anaishi ndani ya ile akiba. Matairi mapya yamekuja yameila akiba yote na kupitiliza, mshale uleule wa 52 sasa ni 53, na kwenye eneo la hamsini tochi haina huruma na tatu.

Ya pili, tairi likiwa chini ya gari halina kipenyo kile cha kwenye karatasi, linabonyea kwa uzito. Mduara wa karatasini wa hili la 830.8 ungekuwa milimita 2,610 lakini barabarani halisogei hivyo. Watu wa matairi wanatumia kipenyo mara 3.05 badala ya 3.14 kwa tairi za radiali, hizi zenye herufi R, ukipiga inakuja 2,534. Na hata hiyo ni makadirio, inategemea upepo, mzigo na kampuni iliyotengeneza tairi.

Lakini, na hii ndiyo ambayo yule fundi wa GPS hakuiangalia, ile akiba ipo kwenye mshale tu. Kihesabu kilometa hakiongezewi akiba kama mshale. Kwahiyo mshale unaweza kukuonyesha kosa dogo la kilometa mbili ukasema hakuna shida, wakati kilometa za chini pale zinapungua kwa kiwango chote. Mzee analipwa kwa kilometa, hayo ndiyo macho aliyotakiwa kuangaliwa nayo.

Basi sikuandika namba yoyote kwanza. Nilipima.

Upepo kwanza, nikaweka sawa matairi yote manne kwa kibandiko cha mlangoni nikaongeza kidogo kwa sababu ya mizigo anayobeba. Alafu chaki. Nilichora alama kwenye tairi la nyuma na kwenye sakafu, mzee kakaa kwenye usukani, nyuma tukaweka mzigo wake wa kawaida, tukaisukuma taratibu sana mizunguko mitano kamili kwa mstari ulionyooka, nikapima kwa futi ya fundi ujenzi. Mita 12 na sentimita 60. Gawa kwa tano, milimita 2,520. Nilirudia mara tatu kwa sababu mara ya kwanza gari iliyumba kidogo na namba ikaja kubwa, ukiyumba futi inakudanganya.

Alafu barabarani. Nilikataa kupima mjini, kati ya Mwanjelwa na Uyole utapata nini pale, malori, bajaji, matuta. Tukashuka Mlima Nyoka mpaka tambarare la Usangu kule ambako barabara imenyooka na haina mlima, na joto lake ni lile ambalo tairi limeshapata moto wa kazi. Simu mbili, yangu na yake, zote GPS ili moja ikikosea nyingine iseme. Spidi ishikwe bila kubadilika kama dakika mbili ndo usome, siyo unasoma huku unaongeza mafuta, GPS inachelewa. Mshale 80 simu zikasema 82. Mshale 60 zikasema 61 na nusu hivi. Kilometa 20 za GPS, kihesabu cha gari kikaandika 18.8.

Hapo nikapaki pembeni chini ya mti nikapiga hesabu. Ishirini gawa 18.8 ni karibu 1.064. Nikirudi gereji nikifungua kompyuta nikikuta namba ya kiwandani ipo kwenye 2,365 hivi, basi chaki yangu na barabara vimekubaliana. Nilikuta 2,365. Sijui nikwambieje ile raha, vipimo viwili ambavyo havijuani vinakupa jibu moja.

Kuandika sasa. Kwa gari hii nilitumia FORScan, programu ya kusoma na kuandika kompyuta za Ford, kwenye laptopu na adapta yenye swichi ya kuhama kati ya laini mbili za mawasiliano za gari. Zile adapta ndogo za bluu za bei ya chini nyingi zinaona laini moja tu, na zinakata katikati, ukikatika wakati unaandika moduli (moja ya kompyuta ndogo za gari) umeliamsha janga. Kitu cha kwanza chaja ya betri ikae imechomekwa muda wote, voltizi zisishuke. Cha pili, hifadhi nakala ya kila kitu kilichopo kabla hujagusa, faili ikae kwenye laptopu na nyingine kwenye flashi, na hiyo namba ya zamani iandike hata kwenye karatasi. Cha tatu unaingia moduli ya bodi, unatafuta mzingo wa tairi, unabadilisha hiyo moja tu. Nimeona vijana wakiingia humo wanaanza kuwasha na kuzima vitu vingine kwa sababu vimeandikwa kwa kuvutia, alafu gari inaamka na taa ya ajabu hawajui imetoka wapi. Badilisha kimoja, andika, zima swichi ikikwambia zima, washa, futa kodi, basi. Nikaweka 2,520.

Kwa gari nyingine mambo hayako hivi. Zipo ambazo hazikupi sehemu ya kuandika namba, hizo unafunga kiboksi kinachokaa katikati ya waya wa ishara ya spidi kinaongeza mapigo kwa asilimia unayoiweka. Na zile za zamani za kebo ulikuwa unabadilisha gia ndogo ya plastiki kwenye gia boksi, meno pungufu au ya ziada, kazi imeisha.

Tukarudi tena Usangu siku hiyohiyo jioni. Kilometa 20 za GPS, gari ikaandika 20.0. Mshale 80, simu 77.

Mzee hakufurahi! Anaangalia mshale themanini, basi la mkoa linampita, kaniambia umeipunguza gari nguvu. Ilibidi nimuonyeshe tena kwenye simu na nimkumbushe kwamba hivi ndivyo ilivyotoka kiwandani, ile akiba imerudi mahali pake. Angetaka mshale ulingane na GPS kabisa ningeweza, unaongopa kidogo kwenye namba, unaweka mzingo mdogo kuliko wa kweli mshale unashuka. Ila kihesabu nacho kitaongopa, na yeye kihesabu ndicho mshahara wake. Nilimwambia chagua kimoja, akachagua kilometa. Naamini alichagua sawa, na hata asiyelipwa kwa kilometa ningemshauri hivyohivyo, kusoma juu kidogo hakujawahi kumletea mtu faini.

Sasa mafuta. Kabla ya matairi kilometa 10 kwa lita. Baada ya matairi 8.8, lakini hizo 8.8 ni kilometa za kihesabu kilichokuwa kinaiba. Zidisha kwa 1.0655, yaani 2,520 gawa 2,365, unapata 9.4 hivi. Kwahiyo katika upungufu wote aliouona, nusu haikuwepo, ilikuwa kwenye daftari. Nusu nyingine ni ya kweli na kompyuta haiirudishi, tairi ni zito, pana, kashata zake (yale meno ya juu ya tairi) ni za tope, gari imenyanyuliwa inakula upepo zaidi. Zile nozeli zilifunguliwa kwa ajili ya kutafuta mafuta ambayo nusu yake hayajawahi kupotea.

Mlima wa Chunya. Hapa nilimwambia ukweli kabla hajalipa, kwamba kuseti kompyuta hakutamrudishia mvuto wake wote. Tairi likiwa kubwa ni kama umepunguza uwiano wa difu (shafti inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa tairi), gari yenye difu ya 4.10 ukiivalisha tairi lililozidi kwa asilimia 7 inajiendesha kama ina 3.83. Kwa spidi ileile na gia ileile injini inazunguka taratibu zaidi, inaangukia chini ya pale ambapo turbo inasukuma vizuri, gia boksi inashusha gia, injini inapata nguvu, inapandisha, nguvu inaisha, inashusha tena. Na ule mlima unapanda mpaka huko juu zaidi ya mita 2,000 ambako hewa yenyewe nyepesi. Dawa kamili ni kubadilisha difu za mbele na nyuma kwa uwiano unaofanana, gharama yake kwa gari ya kazi hailipi. Nilimfundisha kuhamisha gia mkono upande wa manyuo anapoanza kupanda, aishike gia ya tatu au ya nne kulingana na mzigo, asiiachie kompyuta ichague. Hilo limesaidia zaidi ya kitu chochote, gia boksi haipati moto bure. Na breki, nilimwambia pia, tairi kubwa na zito linachelewa kusimama, akishuka Kitonga au hapo Iwambi aachane na tabia yake ya kumsogelea mtu wa mbele.

Taa za ABS tulizipata kwa kuinama tu. Tairi la akiba! Chini ya bodi pale linaning'inia lile la zamani 265, hakununua la tano. Siku ile anatokea Kikondo alipata pancha nyuma kushoto, akafunga la akiba, na kwa sababu kulikuwa na tope akaweka fowili akatembea hivyo kilometa nyingi. ABS haijali tairi kubwa wala dogo ilimradi yote manne yafanane, kazi yake ni kulinganisha. Ikiona moja linazunguka haraka kuliko wenzake muda wote inadhani ama tairi linateleza ama sensa imekufa, inawasha taa. Pancha ilipozibwa kesho yake likarudi kubwa, taa zikazima, lakini kodi ikabaki kwenye kumbukumbu, na huyo aliyeuza sensa akaikuta. Seti ya kompyuta haisaidii hapa hata uandike namba gani, namba ni moja kwa matairi yote. Kilichonitisha ni ile fowili, axeli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja alafu zinataka kuzunguka tofauti, kitu kinachobeba huo ugomvi ni shafti na gia. Kwenye tope inateleza inajiokoa, angefika kwenye lami kavu hajaitoa tungekuwa tunaongea kesi nyingine.

Mwisho tukakaa kwenye benchi na kitabu chake cha safari. Matairi yalifungwa kihesabu kikiwa 148,200, kaniletea gari ikiwa 155,700. Kilometa 7,500 zimeandikwa, zilizotembewa kweli ni 7,991. Tofauti 491. Analipwa 1,200 kwa kilometa, piga mwenyewe, ni kama laki tano na themanini na tisa amewabebea watu bure, na faini mbili juu, na nozeli, na sensa. Alikaa kimya muda mrefu.

Alafu akaniuliza kama naweza kuziongeza zile 491 kwenye dashibodi. Nikakataa, mzee mwenyewe alielewa. Kihesabu kilometa hakiguswi kwenda mbele wala nyuma, kilichopita kimepita. Nilichomfanyia ni karatasi: ukubwa wa matairi ya zamani na mapya, kihesabu siku ya kufunga na siku ya kuseti, vipimo vya chaki na vya GPS na picha za simu zote mbili zikiwa pembeni ya dashibodi. Akaipeleka kwa wanaomkodisha. Wamekubali kumlipa nusu, siyo haba. Nakala nyingine imebaki kwenye kitabu cha sevisi, maana sevisi nazo zilikuwa zinachelewa, oili aliyodhani ina kilometa 5,000 ilikuwa na 5,300 na ushee, na siku akiuza gari mnunuzi ana haki ya kujua.

Alinipigia wiki iliyofuata akitokea Njombe, ndaga fijo (asante sana ya Kinyakyusa) nyingi, kasema lita inampa 9.4 na Igurusi kapita salama na hamsini na mbili yake. Tairi la tano kanunua, lakini uvunguni halikuingia, kalifunga kwenye bodi nyuma.

Kitu kimoja tu bado kipo wazi. Tairi za kashata ndefu namna hii zikilika mzingo unapungua, siyo sana, ila ni kwa upande wa pili sasa, gari itaanza kuandika kilometa ambazo haikutembea na wanaomlipa wakipima watamkuta yeye ndiye mwenye deni. Tumekubaliana arudi kashata zikifika nusu, tuchore chaki tena palepale sakafuni.